Beseni la Tata Akisa

Wadogo zangu mnaojiandaa kubeba mkoba wa kuzuru akina mama nyumbani, nianze na mbwa. Chuoni hamtafundishwa habari zake. Mtafundishwa dalili za hatari kwa mama aliyejifungua, jinsi ya kusoma mizani na jinsi ya kujaza fomu. Lakini kabla hujafika kwa mama utafika kwa mbwa, naye hajali kwamba umehitimu.

Mbinu yangu ilikuwa hii: teremka kwenye pikipiki mbali kidogo na boma, usikimbie, usimkazie macho. Ita wenyeji kwa sauti ya mtu asiye na haraka, kisha mwache mbwa akunuse mkono. Akimaliza kunusa, mkune nyuma ya sikio. Kutoka Malaba hadi Angurai sikuwahi kuumwa hata mara moja, na nilijivunia jambo hilo kuliko shahada yangu. Ikumbukeni mbinu hii, kwa sababu ndiyo iliyokuja kuniaibisha.

Mimi ni mzaliwa wa Mundika. Nilisomea uuguzi kwa stashahada, nikaongeza shahada nilipokuwa tayari mama wa watoto wawili, na nilistaafu mapema kwa hiari yangu baada ya magoti kutoa notisi kabla yangu. Kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu nilikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto, na sitawaficha: nilikuwa bingwa wa kukemea. Mama akifika wiki tatu baada ya tarehe iliyoandikwa kwenye kijitabu chake cha kliniki, nilimuuliza mbele ya foleni nzima, "Mama, ulikuwa wapi?" Niliuliza swali hilo kwa miaka mingi, na sikumbuki hata mara moja nikingoja jibu.

Kisha kaunti yetu ikatenga fedha za majaribio. Muuguzi mmoja angeondolewa kliniki, apewe mafuta ya pikipiki, mizani ya kubebeka na mkoba, awafuate akina mama huko huko nyumbani tangu wanapojifungua mpaka watoto wao watimize miaka miwili. Majaribio yalikuwa ya mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, kamati ya afya ya bunge la kaunti ingeketi na wananchi ukumbini Malaba, isikilize maoni yao, kisha iamue kama kazi hiyo itapewa kifungu chake katika bajeti au mkoba utarudishwa stoo. Nilichaguliwa mimi, nadhani kwa sababu nilikuwa peke yangu niliyejua kuendesha pikipiki. Nami nilijua kwamba mkoba ukirudi stoo ningerudi kliniki kuuliza swali langu la zamani, na wale akina mama wasiofika kliniki wasingekuwa na mtu wa kuwauliza chochote.

Mwalimu wangu hakuwa na shahada. Aliitwa Amoit, mhudumu wa afya ya jamii, mwanamke wa rika langu aliyekuwa amezunguka maboma ya Teso Kaskazini kwa miguu kabla ya mtu yeyote kufikiria kulipia mafuta. Siku ya kwanza aliniona nimesimama katikati ya ua, mkoba mkononi, kalamu tayari, nikimhoji mama aliyekuwa akimenya karanga. Tulipotoka akanivuta kando.

"Sista, ukiletewa kigoda, kalia. Ukiletewa gunia, kalia. Ukibaki umesimama hivyo, wewe ni polisi."

Tangu siku hiyo nilikalia kila kitu nilichowekewa, hata kreti ya soda iliyopasuka, ambayo ilinichana sketi lakini ikanipatia historia yote ya uzazi wa mama mwenye kreti. Nilijifunza kumenya karanga huku nikiuliza maswali, kwa sababu mama anayefanya kazi na mikono yake hujibu kwa urahisi kuliko mama anayeangaliwa usoni. Chai nayo msiikatae. Kama ni kikombe cha saba siku hiyo, kunyweni nusu na msifu majani. Na mizani ya kuning'iniza, tafadhali, ijaribuni kwanza kwa mkoba wenu kabla ya kuweka mtoto. Mimi niliitundika kwenye mti wa paa la jikoni bila kuutazama, nikauvuta kwa nguvu ili kuona kama ni imara, na masizi ya miaka yote yakanishukia kichwani. Nilitoka mweusi kuliko sufuria. Mtoto alicheka, mama yake akacheka mpaka akakaa chini, na mama yule hakukosa chanjo hata moja baada ya hapo. Sisemi mjipake masizi. Nasema tu kwamba mtu akishakucheka mara moja, hakuogopi tena.

Na kwa kuwa mtafanya kazi mpakani, jifunzeni kusema, "Leta vijitabu vyote." Nilikuwa na mama mmoja kando ya Malaba aliyeuza nyanya ng'ambo asubuhi na kulala Kenya usiku. Mtoto wake alikuwa na vijitabu viwili, kimoja cha huku na kingine cha Uganda, na kwa hesabu za vitabu vyote viwili alikuwa amepata chanjo moja mara mbili na nyingine hakuipata kabisa. Mama hakuwa mdanganyifu. Alikuwa akienda mahali penye foleni fupi, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya.

Leo mnaandika kwenye simu, na ripoti hufika makao makuu kabla hamjafunga mkoba. Ni jambo jema. Daftari langu liliwahi kunyeshewa na nusu ya kata ikageuka bluu. Ila mama akianza kuzungumza juu ya mume wake, ilazeni simu kifudifudi. Habari ya namna hiyo haizungumzwi mbele ya kioo kinachong'aa.

Sasa nifike Angurai, kwenye kosa lenyewe.

Skola alikuwa msichana aliyejifungua kwa mara ya kwanza, na mtoto wake wa kike alikuja kabla ya miezi kutimia. Waliporuhusiwa kutoka hospitalini, mtoto alikuwa hajafikisha kilo mbili na nusu, na katika karatasi ya ruhusa daktari alikuwa ameandika kwamba apimwe uzito kila wiki. Skola aliishi na mama mkwe wake, Tata Akisa. Tata ni bibi kwa Kiteso, na huyu alikuwa tata wa boma zima: mwembamba, mnyoofu, mwenye sauti ya chini ambayo watu huinama ili kuisikia.

Siku niliyokwenda, Amoit alikuwa mazishini, hivyo nikaenda peke yangu nikiwa na ujasiri wa mtu aliyekwisha kujifunza kukalia magunia. Mbwa alinipokea. Nikamkuna nyuma ya masikio yote mawili, maana alikuwa mbwa mwenye urafiki. Ndani nilikuta wanawake kadhaa wamekaa mkekani, Skola katikati yao, na mtoto amefunikwa shuka. Nilifurahi kumwona. Nikamchukua moja kwa moja mikononi mwangu, nikaanza kumwangalia rangi ya ngozi na jinsi anavyopumua. Wakati huo huo Tata Akisa akasogea, akachovya kidole chake kwenye kibuyu kidogo, na kukipeleka midomoni mwa mtoto.

Kilichokuwa kibuyuni kilikuwa ajon, pombe ya wimbi. Nikamkamata kifundo cha mkono. Nikasema, mbele ya wageni wake, kwamba mtoto wa umri huo hapewi chochote isipokuwa maziwa ya mama, sembuse pombe, tena kwa kidole ambacho hakijaoshwa.

Nilichokuwa sikijui, mimi Mluhya wa Mundika mwenye shahada, ni kwamba nilikuwa nimeingia katikati ya sherehe ya jina. Kwa watu wa boma lile bibi hugusa midomo ya mtoto kwa kidole chenye ajon huku akitaja majina ya waliotangulia katika ukoo, na jina ambalo mtoto ananyonya kidole likitajwa, hilo ndilo lake. Nilikuwa nimeushika mkono wa mwenye nyumba na kumzuia mjukuu wake asipate jina.

Hakuna aliyepaza sauti. Tata Akisa alingoja nimwachie mkono, kisha akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Sista, wewe umetoka kwa barabara. Umeshika pikipiki, umeshika mbwa yangu, saa hii umeshika mtoto. Mimi sijaona maji mahali. Sasa ni kidole yangu ndio chafu?"

Nikatazama mkono wangu uliokuwa chini ya shingo ya mtoto. Kwenye mkunjo wa kidole gumba palikuwa na unywele wa mbwa.

Alimchukua mtoto kwangu taratibu, akamrudishia Skola, akafunika kibuyu, na kuniambia kwamba njia niliyojia naijua. Wanawake nao wakaanza kukunja leso zao. Sherehe iliishia hapo.

Nilirudi wiki iliyofuata nikakuta pazia limeshushwa mlangoni na hakuna aliyeitikia, ingawa nilisikia mtoto akilia ndani. Nikarudi tena siku tano baadaye, hali ikawa ile ile. Mbwa peke yake ndiye aliyenipokea. Mtaelewa hofu yangu. Mtoto mdogo kiasi kile anaweza kupungua uzito kidogo kidogo bila mtu kugundua, kwa sababu wanaomwona kila siku hawaoni tofauti. Ndiyo maana ya mizani. Nami nilikuwa na mizani mgongoni, nimesimama hatua kumi kutoka kwake, na kilichonizuia kuingia ni mdomo wangu mwenyewe.

Nikamweleza Amoit kila kitu. Alicheka sana aliposikia habari ya unywele wa mbwa, kisha akaacha kucheka ghafla.

"Huyo mtoto hana jina mpaka leo, sista. Hiyo ni yako."

Nikamwambia nitakwenda kuomba msamaha. Nilikuwa hata nimepanga maneno. Akatikisa kichwa. Maneno, alisema, Tata Akisa alikwisha kusikia ya kutosha kutoka kwangu. "Enda uombe maji ya kunawa. Akikupatia, umeingia. Akisema maji hakuna, washa pikipiki."

Tulikwenda pamoja. Niliacha pikipiki barabarani kabisa. Mbwa akaja, akaleta sikio lake kama kawaida, nami nikaweka mikono nyuma; nadhani hadi leo hajui alinikosea nini. Tata Akisa alikuwa uani akipepeta wimbi. Nikamsalimia, nikasema nimetoka barabarani, naomba maji ya kunawa.

Aliendelea kupepeta. Amoit aliyatazama mawingu. Mwishowe Tata akaweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na beseni, jagi na kipande cha sabuni. Hakunipa jagi. Alinimiminia mwenyewe, akiniangalia vidole.

"Na hapo katikati," alisema. "Na chini ya kucha."

Mimi niliyewahi kusimama mbele ya wanafunzi kufundisha unawaji wa mikono kwa hatua zake zote nilinawa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuridhika. Kisha akafungua pazia.

Mtoto alikuwa ameongezeka. Si sana, lakini mshale wa mizani ulikuwa umevuka pale nilipoogopa kwamba haujafika. Skola alikuwa akimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, kama walivyomwelekeza hospitalini, na alipokwenda kupika, Tata Akisa alifungua vifungo vya gauni lake na kumpokea kifuani kwake. Nusu ya yale niliyokuwa nimekuja kufundisha yalikuwa yakifanyika kabla sijafungua mkoba. Kama ningekaa chini siku ile ya kwanza na kuuliza, ningeambiwa.

Jina lilitolewa siku hiyo hiyo. Tata Akisa alinawa katika beseni lile lile, akaniinulia kidole nikikague kama mwanafunzi anayeonyesha daftari, akakichovya kwenye kibuyu, kisha, huku akinitazama, akakikung'uta mpaka kilichobaki kilikuwa harufu tu. Jina la kwanza mtoto aligeuza uso. La pili alipiga chafya. Aliposikia Amoding, akanyonya. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga pia, kwa lafudhi ya Mundika.

Msije mkasema niliwaambia pombe ni sawa. Mtoto hapewi kitu isipokuwa maziwa ya mama kwa miezi sita, na nilimweleza Tata Akisa hivyo tukiwa tumekaa, kwa upole, na kwa sababu zake. Matokeo yake ni kwamba jirani yeyote aliyeleta uji kabla ya miezi hiyo kuisha alikutana naye mlangoni. "Hii uji kunywa wewe," aliwaambia. "Huyu bado." Sikuwahi kuwa na msaidizi mkali kama yule.

Mwaka ukaisha. Kamati ikaja Malaba, ukumbi ukajaa, na nje malori yaliyopanga foleni ya kuvuka mpaka yakapiga honi mchana kutwa. Nilikuwa na faili nene niliyoiandaa kwa wiki nzima, iliyojaa maneno kama viashiria na matokeo tarajiwa. Mwenyekiti wa kamati, mheshimiwa mwenye adabu aliyevaa miwani, alinisikiliza hadi ukurasa wa pili, kisha akaniuliza swali ambalo ninyi pia mtaulizwa.

"Sista, ukiwa Angurai unakunywa chai, ile foleni ya kliniki inashughulikiwa na nani?"

Lilikuwa swali la haki. Mwenzangu aliyebaki kliniki alikuwa ameketi nyuma yangu, na uchovu wake ulionekana bila kuhitaji ripoti. Nikajibu kwa kusoma ukurasa wa tatu. Mjumbe mwingine akauliza kama ni kweli ninapima watoto wa Uganda kwa mizani ya Kenya. Nikasema mtoto aliye kwenye mizani bado hajachukua kitambulisho. Watu wakacheka, lakini mwenyekiti hakucheka. Aliandika kitu, na nikaona kama kalamu yake inauelekeza mkoba wangu stoo.

Ndipo nikaona mkono mwembamba umeinuliwa katikati ya ukumbi. Tata Akisa alikuwa amesafiri kutoka Angurai pamoja na Skola, na Amoding alikuwa mgongoni mwa mama yake, mashavu yamejaa. Alipokaribishwa asimame, nilitamani benchi linifunike, kwa sababu nilijua ataanzia wapi.

"Mheshimiwa," alisema, na ukumbi mzima ukainama kumsikiliza, "huyu sista alikuja kwangu akanishika mkono mbele ya wageni. Mimi, mwenye nyumba."

Mwenyekiti akavua miwani. Mwenzangu wa kliniki akanigeukia. Mimi nikaangalia faili.

"Alinikosea, na kosa yake anaijua. Lakini alirudi. Huko kwa hospitali, mtu akinikosea, ni mimi natakiwa kurudi. Nisiporudi, wananiandika nimepotea. Huyu nilimfungia mlango, akarudi. Nikafunga tena, akarudi, mpaka nikampatia maji. Sasa nyinyi mkimnyima mafuta ya pikipiki, nani atarudi?"

Akakaa. Mwenyekiti akauliza mtoto ni yupi. Skola akageuka ili aonekane. Akauliza jina lake, akaambiwa Amoding, naye akaliandika. Sijui aliliandika kwenye safu gani, lakini ukurasa wa tatu wa ripoti yangu hakuuulizia tena.

Kifungu kiliingia kwenye bajeti. Msidhani tulipewa neema ya kumwagika: pikipiki ilikuwa ile ile, na niliamriwa kurudi kliniki siku moja kila wiki kupunguza foleni, jambo ambalo lilikuwa haki. Nilirudi. Akina mama waliochelewa waliendelea kuja, nami niliendelea kuwauliza walikuwa wapi, ila sasa niliweka kalamu chini na kungoja waseme. Mmoja alikuwa ametoka kuzika. Mwingine alikuwa ng'ambo, na kijitabu cha pili kilikuwa kwenye mfuko wa nyanya.

Kifungu cha bajeti huandikwa upya kila mwaka, wadogo zangu, na kila mwaka atatokea mtu wa kuuliza swali la chai. Msimkasirikie. Fedha ni za umma, na ana haki ya kujua zinanunua nini. Mjibuni bila faili ikiwezekana. Kama hamna jibu, tazameni ukumbini kama yupo mtu mliyemrudia.

Majuzi Skola alijifungua mtoto wa pili, wa kiume, aliyetimiza miezi yake na kuzaliwa na sauti ya dereva wa lori. Nilialikwa kwenye sherehe ya jina. Nilikwenda na muuguzi aliyerithi mkoba wangu, binti mwerevu aliyemaliza chuo kwa alama za juu, na njiani nilimsimulia habari za mbwa, za kreti na za kukaa chini. Mbwa sasa ni mzee. Aliinua sikio moja tu. Amoding, ambaye siku hizi huongea kuliko watu wote wa boma lile, alikimbia ndani kutangaza kwamba wageni wamefika.

Tata Akisa alikuwa mlangoni na beseni. Yule binti akanawa vizuri, katikati ya vidole na chini ya kucha, nami nikaona fahari kana kwamba nilimzaa. Kisha nikalipita beseni kuelekea ndani, maana nilikuwa mgeni mwalikwa, nimevaa gauni la kanisani, sina mkoba wala mizani.

Jagi likanyooshwa mbele yangu.

"Sista," alisema Tata Akisa, "kustaafu hakuoshi mikono."